Kiasi cha Kulegea

Waya, alinifunza fundi Sagynbek, haukazwi kama ngoma.
Uache ulegee kidogo kati ya mnara na mnara,
maana Januari hapa Naryn ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na waya, kama mtumishi wa umma, hujikunyata ukiona baridi.
Ukiubana zaidi, unakatika.

Mimi ni mhandisi wa wizara. Bishkek, ghorofa ya tatu,
meza inayoyumba, mguu mmoja umewekewa taarifa ya mwaka juzi.
Kazi yangu ni mstari mwekundu juu ya ramani:
kilovolti mia tano, minara mia mbili na kumi na sita,
milima iliyolala kwenye karatasi kama mikunjo ya shuka.
Karatasi haina matope. Karatasi haibweki.

Mnara wa arobaini na saba ulibweka.
Mbwa wawili, kisha mwenye mbwa, Toktobübü,
ndani ya koti la marehemu mumewe,
mikono ya koti imeipita mikono yake.
Kigingi changu chenye utepe kilisimama katikati ya zizi,
pale pale, alisema, kondoo wanapozalia mwezi Machi,
ubavuni mwa jabali, ambapo upepo hauna njia.
Akanimiminia maziwa ya farasi yaliyochachuka. Nikanywa. Nikapiga chafya.
"Na umeme wenyewe utashukia wapi hapa?"
Haushuki, mama. Huu ni mkubwa mno. Unakwenda mjini,
na ukibaki, unavuka mpaka.
"Ahaa. Kumbe ni kama magari ya mawaziri."
Hakukasirika. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Hakuomba mstari uhame. Aliomba hatua kumi na moja.

Sasa, fomu ya mabadiliko, ile namba tisa,
ina kisanduku cha "Sababu",
na kisanduku hakina nafasi ya kondoo.
Nikaandika: udongo hauna uthabiti wa kutosha.
Udongo ulikuwa thabiti kama deni.
Mjiolojia alitia saini bila kuvaa viatu vya mlima,
mkurugenzi akatia kwa sababu mjiolojia ametia,
muhuri ukalia, pa!
na uongo wangu ukawa wa serikali.

Mkaguzi hakuchelewa. Bibi Duishenova,
miwani kwenye uzi, kikokotoo kikubwa kama tofali.
"Zege zaidi, pembe mpya, vihami kumi na vinane.
Nani aliupima udongo huu?"
Mimi.
"Kwa kifaa gani?"
Nikatazama dirisha. Alisubiri.
Kisha akalifunga jalada polepole,
kama anayefunika chakula cha mgeni aliyechelewa,
akasema baba yake naye alifuga.
Barua ya onyo niliipata hata hivyo. Ipo droo ya chini.

Usiku wa kuwasha laini, kwenye kituo cha kupozea umeme,
Sagynbek alivua kofia. Swichi ikajifunga kwa mlio wa mfupa.
Halafu ule mvumo. Si wimbo, usiniambie ni wimbo:
ni mtu anayefikiri kwa sauti chumba cha pili.
Kulipokucha tukapima kwa darubini ulegevu wa waya
kati ya arobaini na sita na arobaini na saba.
Sentimita nne nje ya hesabu. Sagynbek akasema,
"Hizo nne ni za Mungu. Andika sahihi."

Machi alinipigia, kwa simu aliyoichaji kwa kipande cha sola.
Wanakondoo ishirini na watatu. Mmoja ana kelele, amemwita Volti.
"Nyaya zako zinanung'unika," akasema, "lakini hazing'ati."
Nilitaka kumweleza habari za transfoma ndogo,
kwamba ombi nimelipeleka mara tatu,
kwamba lipo, lipo kabisa, mezani kwa mtu,
na hapo umeme wa wizara ukakatika.
Ghorofa nzima ikasema "aa".
Nikabaki gizani, simu sikioni,
nikimsikiliza Volti.